Neno Lenye Mwenyewe

Nimepiga chapa miaka kumi na tisa
katika ofisi ya Daktari Cadwaladr, juu ya duka la viatu,
na vidole vyangu vinayajua magonjwa kwa urefu.
Pumu ni mapigo manne, umekwisha.
Nimonia ni saba.
Silikosisi,
herufi kumi, na i nne ndani yake
kama mtu anayepanda ngazi kwa kukohoa.

Hapa Cwm Llechog hakuna anayelitamka.
Wanasema, "Ana vumbi,"
kama vile ungesema ana watoto, ana deni, ana mbwa.
"Idwal ana vumbi siku hizi."
Basi, wanaendelea kuzungumzia bei ya siagi.

Idwal ni baba yangu.
Alipasua mawe ya kuezekea tangu ana miaka kumi na mitatu.
Jiwe letu ni la bluu, hupasuka kurasa kurasa kama kitabu,
na kila ukurasa ukifunguka hutoa pumzi yake,
pumzi kavu, inayokaa kwenye nyusi.
Meneja alipenda kusema vumbi hilo ni dawa,
linasafisha koo.
Yeye nyumba yake ilikuwa upande unakotoka upepo.

Baba alipoanza kusimama katikati ya kilima
akijifanya anatazama kondoo,
kondoo walewale, dakika tano, kisha kumi,
nilijua.
Daktari alimsikiliza mgongoni, kimya,
kalamu yenye nembo ya machimbo mfukoni mwake.
"Andika, Nerys. Bronkaitisi sugu."

Nikaandika. Mashine haiulizi.
Lakini wewe unayesoma, ngoja nikwambie maneno haya yanatumikaje,
maana kamusi ya ofisini inayaita yote mawili ugonjwa wa kifua
halafu inanyamaza.
Bronkaitisi ni ya baridi,
ya kiko, ya shuka lisilokauka,
ya mama ambaye hakukufunga skafu.
Bronkaitisi haina mwajiri.
Silikosisi ina lango, ina filimbi ya saa moja asubuhi,
ina mtu aliyekulipa kila Ijumaa akijua.
Neno hili lina mwenyewe,
ndiyo maana hulioni likitembea ovyo.

Usiku ule nilirudi ofisini, ufunguo ninao.
Nikaweka karatasi mpya.
Nikapiga S.
Nikakaa na ile S mpaka miguu ikafa ganzi,
nikachomoa karatasi, nikaitia jikoni motoni.
Ulikuwa woga, au haukuwa; bado sijaamua.

Alikufa Februari, mvua ikigonga paa
aliloliezeka kwa mawe ya mkono wake.
Watu wa bodi wakataka mapafu.
Yalitiwa ndoo yenye kifuniko, ikafungwa kamba,
na mama akauliza, kwa adabu,
kama ndoo itarudishwa.
Baba hakuwahi kupanda treni ya Cardiff.
Mapafu yake yalipanda, behewa la mizigo,
kutwa nzima njiani, kwenda kutafuta neno.

Wiki ya kumi na moja barua ikaja.
Lilikuwamo, limepigwa chapa na msichana nisiyemjua,
wino wake hafifu kwenye ile k.
Mbele yake: asilimia hamsini.

"Linasemaje?" mama akauliza.
Nikamsomea taratibu, si, li, ko,
akalifuata, akaishiwa pumzi katikati,
akarudi mwanzo, akalimaliza.
Akavua miwani.
"Vumbi," alisema.
"Ndiyo, mama. Vumbi."
Akaikunja barua mara mbili, akaifunua tena,
akaweka kidole juu ya tarakimu.
"Na ile nusu nyingine," akasema,
"wanasema alikufa kwa nini?"